Jitimai Isibakie Katika Insha

Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, vizazi vya watoto wa Kenya viliingia katika chumba cha mtihani vikiwa vimebeba hazina ya maneno kwa ajili ya insha. Mtoto wa darasa la nane alijua fika kwamba mhusika wake hawezi kuhuzunika hivi hivi tu. Ni sharti agubikwe na simanzi au ashikwe na jitimai. Hofu nayo ilikuwa na ndugu zake: wahaka, kimuyemuye, jakamoyo, tumbojoto. Machozi hayakutoka ovyo, yalitiririka njia mbili mbili. Na mhusika alipofikwa na janga ambalo halina mfano, alipiga moyo konde na kujikaza kisabuni. Mwalimu alipendezwa, alama zikapanda, na mtoto akatoka akiwa ameamini kwamba maneno hayo yana faida.

Mtoto huyo huyo, akisha kufika chuo kikuu, hukutwa bwenini siku moja amelala saa nane za mchana akiwa ameuelekea ukuta. Karo ina baki, mkopo umechelewa, somo moja ameanguka, na nyumbani baba hajambo wala hawezi. Mwenzake anapomuuliza kulikoni, hujibu, “Niko sawa.” Akibanwa sana husema, “Nina stresi tu,” kisha huvuta shuka. Jitimai imekwenda wapi? Wahaka uko wapi? Mwanafunzi aliyekuwa na maneno matano ya kumweleza mhusika wa kubuni hana hata moja la kujieleza mwenyewe, hata pale anapokuwa mwanafunzi wa Kiswahili anayetarajiwa kuwafundisha wengine maneno hayo hayo mwaka ujao.

Makala haya yanashikilia kwamba hasara hiyo si ya lugha peke yake. Ni hasara ya afya. Kuitaja hisia kwa jina lake barabara ni mojawapo ya mambo ya kila siku yanayoutuliza ubongo, na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ndio wenye ghala la majina hayo. Kuliacha ghala hilo lifunguliwe siku za mtihani tu ni sawa na kuweka dawa kabatini na kuisifia chupa.

Dai hili halitokani na mapenzi ya lugha pekee. Mwaka wa 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku mashine ikipiga picha za bongo zao. Ndani ya ubongo kuna kiungo kidogo chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, ambacho hufanya kazi kama mbwa wa mlinzi: kikinusa hatari hubweka, moyo ukaenda mbio na viganja vikatota jasho. Watafiti waliona kwamba mtu alipochagua neno la kuitaja hisia iliyo katika uso ule, amigdala yake ilipunguza kelele, na sehemu fulani ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, ikaongeza kazi. Alipotakiwa kuchagua jina la mtu la kuulinganisha na uso, yaani jina la kike au la kiume, utulivu huo haukupatikana. Kumbe si kila neno linalomnyamazisha mbwa. Ni neno linalomwambia ni nani aliye langoni.

Miongo miwili kabla ya hapo, mwaka wa 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walikuwa wamewafanyia wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani jaribio jepesi mno. Waliwaomba waandike kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika juu ya mambo yasiyo na uzito. Wengine waliandika juu ya jambo lililowahi kuwaumiza maishani, na kati ya hao, wapo walioambiwa waeleze matukio tu bila hisia, na wapo walioambiwa waeleze matukio pamoja na yale waliyoyahisi. Kundi hili la mwisho lilitoka kwenye meza likiwa na huzuni zaidi kuliko lilivyoingia. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata ndilo lililokwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache zaidi. Tafiti nyingi zimefuata tangu wakati huo, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba faida iliyoonekana kwa jumla ni ya wastani, wala haimfikii kila mtu. Lakini ni dawa gani nyingine inayouzwa kwa bei ya kalamu na karatasi nne?

Sasa na utazamwe utajiri wa Kiswahili. “Stresi” ni gunia: humo hutiwa kila kitu, kikatoka kimevurugika. Mtu mwenye wahaka anaogopa jambo ambalo halijafika. Huyo hufaidika akikaa na kalamu na kuligawa lile jambo vipande, asome sura hii leo na ile kesho. Mwenye kihoro amekwisha kupoteza, amefiwa au amenyang’anywa kitu alichokipenda, na ratiba ya masomo haimsaidii kitu. Anataka watu wa kukaa naye matangani. Mwenye ukiwa hakufiwa wala haogopi, ila hana mtu, na hana mtu katikati ya bweni lenye watu mia tatu. Mwenye majuto ametenda jambo, na pengine njia yake ni kwenda kuomba radhi. Mwenye soni anajiona mchafu machoni pa watu hata kama hakuna aliyemtazama. Hawa wote huingia kwenye chumba cha mshauri wa wanafunzi wakisema neno moja lile lile, na mshauri akatumia saa nzima kulifungua gunia kabla ya kujua kilichomo.

Neno linalostahili kukaliwa kitako zaidi ni dukuduku. Dukuduku ni jambo linalomkera mtu moyoni naye hajalitamka. Maana yenyewe imebeba ugonjwa na tiba yake kwa pamoja, kwani kinachofanywa na dukuduku katika Kiswahili ni kutolewa. Mtu “hutoa dukuduku lake”. Waliolibuni neno hili hawakuwa na mashine ya kupiga picha ubongo, lakini walijua kwamba liko jambo ambalo kuumiza kwake kumo katika kufungiwa kwake.

Kuna watakaopinga kwamba lugha hii hii imejaa mafunzo ya kunyamaza. Ni kweli. Mvulana wa Kikenya hulelewa kwa kauli kwamba mwanamume halii, na msamiati wa insha wenyewe, ule uliosifiwa hapo juu, humalizia msiba kwa kujikaza kisabuni. (Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza sabuni iliyojikaza hufikia wapi. Huendelea kuwa nyembamba mpaka ikaishia majini.) Ujasiri una mahali pake, na wapo waliovuka mito mikubwa kwa kupiga moyo konde. Lakini Kiswahili hakikusema upande mmoja tu. Waliosema mambo ya nyumbani yasitolewe nje ndio hao hao waliosema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu anayefundisha methali aghalabu huzifundisha kama vitu vya kumaliziwa: anatoa nusu, darasa linajibu nusu. Ni nadra kumsikia akiuliza methali mbili zinapogongana ni ipi ya kufuatwa na mtu wa miaka ishirini ambaye hajalala kwa wiki mbili.

Hata maamkizi yanahitaji kutazamwa upya. Kimuundo, “hujambo” ni ukanushi: huna jambo? Nalo jibu lake ni ukanushi: sina jambo. Anayeulizwa amewekewa jibu mdomoni kabla hajafikiri, na mwenye jambo zito kabisa hujikuta amekwisha kusema hana. Lakini watumiaji wa lugha walilijua tatizo hili, wakaweka mlango wa nyuma. Mtu akiulizwa habari za nyumbani husema “njema”, kisha akanyamaza kidogo, kisha huja lile neno dogo: “ila”. “Njema, ila mama amelazwa.” “Nzuri, ila juzi tulizika.” Wageni huicheka desturi hii, wakaona ni kinyume cha mantiki habari iwe njema na mtu azikwe. Wangelielewa kama wangejua kwamba “njema” ni adabu ya kumpokea mwulizaji, na “ila” ndiyo habari yenyewe. Kinachotakiwa kwa mwulizaji ni subira ya kungoja sekunde tatu. Vijana wa leo wamerahisisha mambo kwa “poa” na “fiti”, majibu mazuri ya njiani, lakini hayana “ila” mbele yake. Huyo amejibu na kupita, na aliyeuliza amepita pia.

Kwa nini watu wanaogopa kuitaja hali ya akili? Sehemu ya sababu ni kwamba majina yanayosikika sana ni yale ya mwisho wa safari: wazimu, kichaa, mwehu, chizi. Kati ya “niko sawa” na “wazimu” hapajawekwa ngazi. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, imekuwa mzaha vinywani mwa watu. Kumwambia mtu apelekwe huko ni tusi, ilhali kumwambia apelekwe hospitali ya macho si tusi. Sheria nayo ilisaidia kuifunga midomo. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na hali ikawa hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Ni nani angethubutu kumwambia jirani yake kwamba usiku ule aliwaza kujitoa uhai, ikiwa kulijaribu wazo hilo ni kosa la kupelekwa mbele ya hakimu? Mahakama imefanya sehemu yake. Lugha ya mitaani, na ya baadhi ya vyombo vya habari, bado inamzungumzia mtu huyo kama mkosaji.

Mfano bora wa yale yawezayo kufanywa na neno la wenyeji hautoki mbali. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake aliyejitoa uhai. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumrudisha hospitalini. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, alianza kazi na mabibi 14 ambao hawakuwa madaktari. Waliketi na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza. Wale mabibi hawakutumia majina ya kitabibu ya Kizungu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri mno kupita kiasi, neno ambalo kila aliyeketi pale alilijua tangu utotoni. Hatua ya kwanza ya mazungumzo yao huitwa kuvhura pfungwa, kuifungua akili. Matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 573 yalichapishwa mwaka wa 2016, na yakaonyesha kwamba baada ya miezi 6 waliosikilizwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mwanafunzi wa isimu linganishi atatabasamu hapa, kwani kufunga kwa Mshona ni kufikiri, na kwa Mswahili ni kuzuia kisitoke kitu. Mtu aliyelala bwenini akiuelekea ukuta anafanya yote mawili.

Je, Kiswahili kina neno lake lenye nguvu ya kufungisisa? Hapa ndipo wahadhiri wanapodaiwa. Kwa ugonjwa mmoja, ule unaomwondolea mtu raha, usingizi, hamu ya chakula na matumaini kwa majuma mfululizo, yamezagaa majina mengi. Wapo wasemao sonona, wapo wasemao unyogovu, wengine mfadhaiko, na gazeti la kesho litaandika msongo wa mawazo, neno ambalo pia hutumiwa kwa uchovu wa kawaida wa mtu mwenye kazi nyingi. Wanaistilahi wanaweza kubishana kwa amani, lakini mgonjwa hana muda huo. Hojaji ya maswali 9 inayotumiwa na wahudumu wa afya duniani kupima dalili za ugonjwa huu katika majuma mawili yaliyopita imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa Kenya. Kila swali humo ni tafsiri ya kuchagua neno. Neno likiwa la kamusi mno, mgonjwa wa kijijini atajibu “hapana” kwa kutolielewa. Likiwa jepesi mno, kila aliyechoka atajibu “ndiyo”. Haya ni maswala ya tafsiri, nayo hufundishwa katika idara za Kiswahili kila muhula kwa mifano ya matangazo ya biashara na hotuba za kisiasa. Kwa nini yasifundishwe kwa hojaji hii, ambamo kosa la neno moja humrudisha mtu nyumbani bila msaada?

Hakuna budi kukiri kwamba maneno hayana uwezo wa kila kitu. Ubongo ni nyama na damu, unataka chakula, maji, mwendo na, zaidi ya yote, usingizi. Ni katika usingizi ndipo ubongo huyatia mizizi yale yaliyosomwa mchana, na mtu mzima huhitaji angalau saa 7 kwa usiku. Bado katika vyuo vikuu kukesha kunasifiwa kama ibada. Mwanafunzi aliyeshinda usiku kucha na madaftari yake huingia kwenye mtihani akiwa na macho mekundu na fahari, asijue kwamba sehemu ya alichokisoma ameimwaga kwa kutolala. Isitoshe, asiyelala hushikwa na hofu na hasira kwa jambo dogo, kwa kuwa yule mbwa wa mlinzi hubweka zaidi mwenye nyumba anapochoka. Kutembea kwa miguu kutoka bwenini hadi maktabani nako ni tiba isiyolipiwa. Na aliyefikia mahali pa kuwaza kujidhuru asiachiwe kalamu na karatasi akaambiwa aandike. Apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, naye anayempeleka asimwache njiani.

Hata huyo, hata hivyo, hafiki kwa daktari bila neno. Ni lazima kwanza amwambie mtu. Na katika vyuo, mtu wa kwanza kuambiwa si daktari wala mshauri, ni mwenzake wa chumbani. Nchini Kenya taasisi iliyojipa jina kutokana na kitenzi cha Kiswahili, Shamiri, imewatumia vijana waliomaliza shule juzi juzi kuongoza mazungumzo ya vikundi na wanafunzi wa sekondari, na utafiti wake uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kupungua kwa dalili za huzuni na wasiwasi miongoni mwa walioshiriki. Vijana wale hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa na umri unaokaribiana na wa wasikilizaji wao, mafunzo mafupi, na maneno yaliyoeleweka.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina watu, vina vyumba vya mikutano, na vina Ijumaa jioni ambazo kwa sasa hutumiwa kwa mijadala kuhusu hadhi ya Sheng. Mjadala huo hautakimbia. Ijumaa mbili katika muhula zinatosha kukusanya msamiati wa hisia kutoka pwani hadi bara, pamoja na maneno ya lugha za mama ambayo Kiswahili hakijayapatia visawe, na kuyaandika kwa maelezo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ataelewa. Wahadhiri wa tafsiri waletewe ile hojaji ya maswali 9. Kikao cha kwanza kinaweza kuanza na istilahi moja tu, sonona au unyogovu, na muuguzi wa zahanati ya chuo akaalikwa kueleza anachokiona na anachokisikia kwa mgonjwa, kabla ya mtu yeyote kufungua kamusi.